Picha Niliyoichukua kwa Fundi wa Majenereta

Katikati ya miaka ya themanini, kampuni ya umeme niliyokuwa nikiitunzia ghala pale Ibra, mji wa bara huko Uarabuni, ilileta fundi mpya, Mfilipino mzaliwa wa Marekani. Alikuwa mrefu kuliko Wafilipino wote niliopata kuwaona, na akichechemea kidogo.

Kila Alkhamisi alasiri, miye na wenzangu, wengi wetu watoto wa Unguja tulioujua mpira wa kikapu tangu shule, tulicheza kwenye uwanja wa saruji wa klabu. Mara ya kwanza fundi alisimama pembeni akitutazama. Mara ya pili aliuomba mpira, akaurusha kutoka mbali mara sita, na mara zote sita ukaingia.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza kwa Kiingereza.

"Nilikuwa nikilipwa kucheza," akasema. "Ligi kubwa ya Marekani. Kabla yangu hakuingia mtu mwenye damu ya Kifilipino."

Wenzangu wakamfanya mwalimu siku ile ile. Miye roho ilikataa. Mke wangu nilipomhadithia, aliuweka mwiko chini.

"Mtu wa namna hiyo aje Ibra kufungua majenereta? Wallah, ana lake jambo huyo."

Nikaanza kumchunguza. Nikimuuliza alicheza miaka mingapi, husema michache. Nikimuuliza kwa nini aliacha, huinama akafunga kamba za viatu. Siku moja nilimkuta akiandika kwenye daftari, aliponiona akalifunga. Nikajiambia, huyu kama si mwongo ni jasusi.

Siku nyingine aliusahau mkoba wake ghalani. Nikaufungua. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha: yeye, kijana, kavaa jezi, kasimama kati ya watu warefu mno. Kesho yake nilikuwa na safari ya Nizwa kuchukua vipuri. Nikaitia picha mfukoni.

Kwenye hospitali ya Nizwa palikuwa na muuguzi wa Kifilipino aliyewahi kumtibu mama yangu. Nilipomwonyesha picha, alikaa kitini.

"Umeipata wapi hii? Kaka zangu walimkata gazetini, wakambandika ukutani kwetu Manila. Wa kwanza wetu kufika kule. Hakudumu, lakini nani asiyemjua?"

Niliporudi Ibra nilimkuta fundi ghalani, vitu vyote vya mkoba kavimwaga juu ya meza yangu.

"Unayo wewe," akasema.

Nikampa. "Nilidhani unatudanganya."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza mara ngapi?"

Akairudisha picha ndani ya bahasha. "Nilikaa benchi kuliko nilivyocheza. Kisha goti likaharibika, wakaniacha. Watu wangu walikuwa bado wananiita shujaa, nami nazunguka kutafuta kazi. Hayo ungeyasema wewe?"

Kisha akanifungulia lile daftari bila ya kuombwa. Mlikuwa na duara na mishale, na mbele ya jina la kila mmoja wetu maneno machache. Mbele ya langu aliandika: ana shabaha, hampi mwenzake mpira.

Alitufundisha miaka miwili zaidi. Timu ya mji wa Sur tuliwafunga mara moja, kwao wenyewe. Tangu siku ile mkoba wake aliutia kufuli, na akija ghalani husimama mlangoni mpaka nimletee anachokitaka.

Mkataba ulipokwisha, aliwakumbatia wenzangu mmoja mmoja. Miye alinipa mkono, akanishukuru kwa vipuri.