Mtoto Aliyefanywa Mkwe wa Mtaa

Saa kumi na mbili kasoro jioni, kisiagi cha unga kinanyamaza mtaani Munyaka, na mtu mweupe anatokea mlangoni. Si mzungu. Ni Murunga, msaga mahindi, mwenye unga mpaka kwenye kope.

"Mzee, leo umeota mvi ghafla!" anamtania mama mmoja akijitwika gunia lake.

"Zangu zinatoka na maji, mama. Zako je?"

Haendi nyumbani hivyo. Nyuma ya kisiagi kuna pipa la maji ya mvua, na Julai hii ya Eldoret maji hayo yanauma kama siafu. Anavua, anajimwagia, anasugua nywele, kisha anavaa nguo safi alizozifunga kwenye nailoni. Zile za unga hulala kazini. Nyumba yake iko hatua mia mbili tu kutoka hapo, lakini ni karibu mwaka mmoja sasa hajakosa kuoga kwanza, hata siku moja.

"Watu wanasema najipenda," anasema, meno yakigongana. "Wanajua nini? Nampenda yule wa kifua kidogo."

Wa kifua kidogo ni Kituyi, mwanawe wa kwanza. Alizaliwa Desemba 1984, miezi miwili kabla ya siku zake, akiwa na uzito wa kilo moja na robo. Kabla ya kutimiza mwaka, nimonia ilikuwa imemlaza hospitalini mara mbili. Mara ya pili daktari aliwaketisha wazazi akawaambia wazi: vumbi mbali, moshi mbali, mwenye kikohozi mbali. Ikija nimonia ya tatu, kifua hicho huenda kisiiweze.

Vumbi lilipatiwa pipa. Moshi nao ukafukuzwa. Murunga, ambaye mshahara wake ni shilingi mia saba kwa mwezi, aliomba mabati manne makuukuu kwa mwajiri wake, akasimamisha kijibanda uani, na jiko likahamia huko. Mkewe, Nanyama, hupika amevaa koti la mvua.

"Ugali wangu umenyeshewa mara nyingi," anasema Nanyama, akicheka. "Lakini ndani mtoto anapumua."

Kikohozi ndicho kilichokuwa na miguu. Mwezi wa tano kilikuja na kupiga hodi.

Alikuwa Mama Maximilla, mamake Nanyama, kutoka Chwele. Alishuka kwenye basi na kuku wawili, mkungu wa ndizi, na kikohozi cha kutingisha bati. Hakuwa amempakata mjukuu wake hata siku moja. Murunga alikuwa uani, na anasema alisikia kile kikohozi kabla ya kusikia hodi.

Sasa afanyeje? Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kumkabili mama huyo amwambie asimshike mjukuu? Murunga anaapa angeona afadhali kuingiza kidole kwenye mtambo.

Akajibana ukutani, akasikiliza.

"Mama, mtoto kifua chake ni dhaifu," Nanyama alikuwa akimwambia mamake. "Ngoja kwanza hiyo homa ipoe."

"Ningoje nini? Nimetoka kwangu jogoo hajawika! Kwani nimekuja kuona ukuta? Lete damu yangu hapa!"

Nanyama akaanza kulia. Mikono ya mama ilikuwa tayari imenyooshwa.

Hapo Murunga akapaza sauti kutoka uani, akijifanya anazungumza na mkewe. "Mama Kituyi! Hebu mkumbushe mgeni wetu jina la huyo mtoto. Kituyi si ni marehemu baba yangu mzazi, amerudi kwa jina? Basi huyo ni mkwe wake. Tangu lini mama mkwe akampakata mkwe?"

Mikono iliyonyooshwa ikashuka.

Kisha kikaanguka kicheko, kicheko na kikohozi pamoja. Mama Maximilla alirudi nyuma hatua tatu, akajifunika mdomo kwa leso, akainama kwa heshima zote.

"Mkwe wangu, unisamehe," alimwambia mtoto kutoka mlangoni. "Sikukutambua, umepungua sana tangu tukuzike."

Wiki mbili alilala kwa jirani, Mama Wahu mwenye duka, aliyempa chumba cha nyuma bila kutaka hata senti. Kila asubuhi alikuja akasimama kwenye ua, akamwamkia mkwewe kwa mbali, akaondoka. Kikohozi kilipokwisha, alidai haki yake kimila: hakai karibu na mkwe bila zawadi. Murunga akamnunulia blanketi. Mama akajifunga blanketi hilo, na Kituyi akafungwa ndani yake, mgongoni.

"Alimbeba mchana kutwa," anasema Nanyama. "Hata kumnyonyesha ilibidi niombe."

Mama Wahu ndiye aliyeeneza habari. Yeye ni Mkikuyu, na mila hiyo aliiona kama kichekesho, lakini siku alipopata mafua alisimama barabarani akapiga kelele: "Mama Kituyi, maziwa nayaacha hapa langoni! Leo mimi ni mama mkwe!" Sasa mtaa mzima unasema hivyo. Mwenye homa hukaa mbali, na hakuna anayenuna.

"Mimi hawa watu sitaweza kuwalipa," anasema Murunga, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Dawa tulipewa na hospitali, Mungu ashukuriwe. Lakini ni majirani walioshika mlango."

Kituyi ana mwaka na miezi saba. Baridi hii inaelekea ukingoni na hajalazwa. Daktari amesema akifika miaka mitano hivi, kifua kitakuwa kimepata nguvu.

Babake amekwenda mbele zaidi ya hapo. Kwao Kimilili, kijana hupelekwa mtoni Agosti kabla jua halijatoka, akapakwa matope ya baridi mwili mzima, akarudi nayo uchi hadi uani kwa babake kutahiriwa, bila kutetemeka. Murunga amehesabu: zamu ya Kituyi ni mwaka wa 1998.

"Baridi yote niliyomnyima," anasema, "nataka nimrudishie asubuhi moja."