Tarakimu Sita Zilizonitoa Darasani

Niite mwizi wa mahindi, nitacheka. Ila usiniite mwizi wa hesabu. Mwalimu wetu wa darasa la nne, Iringa, aliniita hivyo mbele ya wenzangu, na mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Alikuwa mtu wa Mbeya, mkali lakini mwenye haki. Aliandika ubaoni namba moja, 142857, akatutaka tuizidishe kwa mbili, tatu, nne, tano na sita. Ya kwanza nikaikokotoa: 285714. Ya pili: 428571. Alaa! Tarakimu zilezile sita, zimefuatana vilevile, ila zimeanzia pengine. Mimi mtoto wa msuka vikapu, jambo hilo nililijua. Mama alinikanya kila siku: ukianza mzunguko mpya wa milulu, nyasi zetu za kusukia, usianzie pale ulipoanzia ule wa chini, kiungo kitaonekana. Basi sikukokotoa tena. Saba mara nne ni ishirini na nane, kwa hiyo jibu liishie na nane: 571428. Zilizobaki nikazimaliza hivyohivyo.

"Majibu umeyaona wapi?" mwalimu akauliza. Daftari langu halikuwa na njia.

"Zinazunguka, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Akanifukuza, nisirudi bila mzazi, tena jina langu angelifuta kwenye mtihani wa kwenda shule ya kati. Nililia njia nzima.

Kesho yake mama akaja, vidole vimepasuka kwa kusuka. Hakujua kusoma hata herufi moja. Akasalimia, "Kamwene," akasikiliza lawama zote mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "kama kaiba, kaiba yale ya jana. Muulize ambalo hujauliza."

Mwalimu akanipa chaki. "Haya, mara saba."

Saba saba arobaini na tisa. Liishie na tisa. Mungu wangu, kwenye namba ile tisa haimo! Chaki ikaniponyoka.

"Taratibu, mwanangu," mama akasema.

Nikakokotoa kama watu wengine, tarakimu mojamoja. Nikaandika tisa. Tisa tena. Tena tisa. Nikajua nimeharibu, lakini nikaendelea: 999999. Mwalimu akarudia mwenyewe kwenye karatasi, akakaa, akacheka peke yake.

"Nisamehe, binti," akasema. Mwalimu wa miaka ile kumwomba mtoto msamaha! Nilimpenda tangu siku hiyo. Jina langu halikufutwa.

Tukarudi nyumbani Kihesa, mimi narukaruka, mama akija polepole nyuma yangu.

"Sikufichi, mwanangu," akasema mwishowe. "Macho yangu yanakwisha. Tangu jana nilikuwa naomba moyoni akufukuze kabisa, uje unisaidie kusuka."

Nikasimama. "Sasa mbona ulimwambia aniulize nyingine?"

"Si ulikuwa unasema kweli?"

Akaninyooshea mkono nimshike, maana pale njia ilikuwa na mawe na hakuyaona.