Sajini Alum na Gwaride la Wanafunzi

Sajini Alum, binti wa Lango, kaskazini mwa Uganda, ana sauti ya kuamsha mtaa. Katika kambi yao ya polisi, si mbali na Kibuli jijini Kampala, kila asubuhi watoto wa sekondari hupanga mstari mbele ya mlango wake. Mguu sawa! Wakitimia wanatembea pamoja hadi shuleni. Akikosekana mmoja, hakuna anayeondoka mpaka angojwe. Ni sheria yake mwenyewe, na alijivuna nayo, bwana! Tangu aianzishe, utoro kambini ulikuwa umekwisha.

Ukabaki wa Shakirah tu. Msichana wa kidato cha pili, kichwa chepesi cha hesabu, lakini leo yupo, kesho hayupo. Wenzake wakimngoja wanachelewa, na wakichelewa Alum anawarusha kichurachura wote. Kisha shule ikatuma neno: Shakirah akikosa mitihani ya Jumatatu, atarudia darasa.

Ijumaa hakuonekana tena. Alum akawaka.

"Huyu mtoto ana kiburi! Nani anajua yuko wapi?"

Macho mbele, mikono ubavuni. Odoch, kiongozi wao, midomo ilimcheza.

"Odoch! Una nini?"

"Tuko kwenye mstari, Afande. Ulisema mstarini hakuna kuongea."

Eh, banange! Alum akahisi masikio yanawaka moto. Kweli alisema. Polisi gani anapiga soga kwenye gwaride?

"Mguu pande," akasema taratibu. "Haya, semeni."

Wakasema wote kwa mkupuo, kama kuku waliofunguliwa banda. Kumbe walijua siku zote! Zuleika, mama yake Shakirah, naye ni askari, analinda usiku huko Kawempe. Zamu ikichelewa kubadilishwa, Shakirah hukaa na mdogo wake Latifu, ambaye hata kutembea bado.

Alum alisikia aibu, tena kubwa. Watoto wa watu amewarukisha kama vyura, na kosa ni lake, la kutouliza.

"Basi tufanyeje?"

Wakashauriana. Mmoja atapita kwa Shakirah alfajiri kutazama kama mama amerudi, mwingine atambebea vitabu. Na mtoto? Wakatazamana, kisha wakamtazama Alum.

"Afande," Odoch akasema, "asubuhi wewe uko hapa hapa kambini."

"Mimi? Ninyi mna wazimu!" Lakini alikuwa anacheka.

Jumatatu Zuleika alichelewa kweli. Shakirah akaja mbio, Latifu mgongoni, macho yamemvimba kwa kulia. Alum akampokea mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge juu ya sare iliyopigwa pasi, akakagua mstari.

"Mmetimia. Shakirah, nenda ukawaonyeshe!"

Wakaondoka pamoja. Alum akabaki anawatazama hadi kona, kifua kimejaa, fahari inataka kumtoa machozi. Watoto wangu hao, akajisemea, ingawa hakumzaa hata mmoja.

Nyuma yake buti zikagonga saruji. Mkuu wa kambi! Alum akageuka, akapiga saluti, na Latifu akamvuta sikio.

"Sajini, umebeba nini?"

"Mtoto, Afande! Dada yake yuko kwenye mtihani!"

Mkuu akamtazama sajini, akamtazama mtoto. Taratibu akainua mkono, akaijibu saluti.