Waya wa Redio Alioukata Shemeji

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hasira yake haijanitoka hata sasa ninapoandika. Ulikuwa unanyonya. Tulikuwa hapa hapa Mwankoko, kijiji cha ujamaa kikiwa bado kipya, nyumba zimepangwa mstari kama vitanda vya bweni.

Baba yako alipohamishiwa kazi Tabora alituachia redio. Bila waya wa kunasa mawimbi ilikuwa inakoroma tu. Nikatafuta waya wa shaba, nikauzungusha kwenye boriti humo humo chumbani, ncha yake nikaipachika kwenye redio. Nje watoto wangeufanya mtego wa ndege. Ndani ulitulia, na Dar es Salaam ikawa inaongea kana kwamba imekaa kwenye kigoda chetu. Habari, masomo ya watu wazima, matangazo ya vifo, vyote bure, vinapita hewani kwa kila mtu.

Jioni moja shemeji Ntandu, mdogo wa baba yako, akaingia na panga. Hata hodi hakupiga.

"Shemeji, mawingu yale huyaoni? Radi itafuata huu waya impige mtoto."

"Radi ya wapi? Waya uko ndani. Haya mambo nimeyasoma darasani."

"Hukusomea radi ya huku kwetu," akasema. Akaukata, akauviringisha, akaenda nao. Mama mkwe wangu, ambaye humkemea kila mtu, siku hiyo alimpisha mlangoni.

Wiki ikapita. Niko kisimani, wewe mgongoni, Mama Salome jirani yetu akanishika mkono.

"Pole, mama, kwa msiba."

"Msiba gani?"

Akauachia mkono wangu. "Yesu wangu! Kwani hawajakwambia?"

Mama yangu alikuwa amefia Itigi. Baba alipeleka tangazo redioni, likasomwa na jina langu na la kijiji. Wanaume waliokuwa wakisikiliza kwa balozi wa nyumba kumi walilisikia, Ntandu akiwa katikati yao, mimi nikiwa shambani. Wakajua kesho litarudiwa. Ndiyo maana ya lile panga.

Nilirudi nyumbani nikaitupa ndoo uani.

"Mmeniacha nisimzike mama yangu?"

Mama mkwe akaanza kulia. "Tuliogopa, binti yangu. Anayenyonyesha akipewa msiba ghafla, maziwa hukauka. Sisi kwetu humngoja kwanza mtoto apate nguvu. Mtoto tungemlisha nini?"

"Tulikuwa tunakusaidia, shemeji," Ntandu akadakia. "Mtoto si huyo amenenepa?"

Eti wewe ndiye sababu! Nikakushusha mgongoni, nikakaa chini pale pale uani, nikakunyonyesha huku nalia kwa sauti mbele yao wote. Ulinyonya ukashiba, ukacheulia nguo yangu.

"Haya," nikawauliza. "Yamekauka?"



Ningepanda basi la Manyoni, nikashika treni, nikamwona mama kabla hajafunikwa udongo. Walininyima hilo, halafu wakaliita huruma. Huruma gani inaingia kwa mtu na panga?

Waya niliudai. Ntandu alikuwa ameshaufungia mzinga wa nyuki porini. Nikamwambia panda huko huko uufungue, nyuki wakuulize wao. Aliurudisha uso umevimba, na sikumpa pole. Nimeufunga tena kwenye boriti ile ile, unanuka nta hadi leo.

Basi shika hili, mwanangu. Mtu asikuchagulie cha kusikia, hata kama anakupenda, hata kama ni mimi mama yako. Na ukiwa na habari mbaya ya mwenzako, mpelekee siku hiyo hiyo, ukae naye alie. Machozi yake ni yake. Usiyatunze wewe.

Mungu akukuze, akupe masikio yaliyo wazi na kifua cha kubeba utakachosikia. Na bibi yako wa Itigi, ambaye hakuwahi kukupakata hata mara moja, akubariki huko alikolala.