Salamu za Baba Mkwe

Enzi za Mwingereza, simu ya upepo pale bandarini Bukoba ilikuwa na wimbi moja tu la kwetu. Polisi walikuwa na lao, ndege lao. Sisi tuliobaki, yaani bandari, boti ya serikali na ofisi ya Muleba, tuligawiwa hilo moja tupokezane. Wakisema wawili kwa pamoja, unasikia mluzi tu. Waliogawa walikaa mbali huko, wala hawakujua Wahaya tunavyosalimiana!

Mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye boti hiyo. Alasiri moja walikuwa wanarudi kutoka kisiwa cha Goziba, ziwa likachafuka. Nikakimbilia bandarini kwa shemeji, mdogo wake, aliyekuwa akipokea simu.

Redio ikakoroma. Kumbe ni baba mkwe, yuko Muleba, ameliona ziwa, amekuja kuulizia mwanawe. Lakini mzee wetu aulize jambo kabla ya salamu? Thubutu! Mmeshindaje waitu, ndugu zangu, watoto je, migomba je, ng'ombe je. Shemeji akaitikia moja moja, kofia mkononi, utadhani mzee anamwona.

Mzee alipofika kwenye migomba nikasikia mluzi, nikamshtua shemeji.

"Kuna mtu anaita! Mwambie mzee anyamaze!"

"Shemeji, nimkatize baba salamu?"

Mzee akaachia kitufe cha kusemea kungoja jibu. Hapo ikapenya sauti ya mume wangu, hafifu, Muleba haikufika: "Injini imezima, tuko Bumbire, upande wa..."

Shemeji akabonyeza chake, akajibu kuhusu ng'ombe. Mkono ulimtangulia, kwa mazoea tu. Nilimpiga begani nikapiga kelele, "Yesu wangu, unamuua kaka yako!" Akaachia haraka. Mzee alikuwa ameshafika kwa wajomba. Alipomaliza, wimbi likawa kimya. Tuliita mpaka sauti zikakauka.

Boti ya kuwaokoa ilianza kuzunguka kisiwa cha Bumbire upande wa magharibi. Wao walikuwa mashariki.

Hasira ile sijui niipeleke wapi hata leo. Kwa shemeji? Kwa waliogawa mawimbi kama wanagawa peremende?

Msibani baba mkwe alilia mbele ya watu wote: "Mwanangu, laiti ungepiga simu hata mara moja!" Shemeji akanitazama, macho mekundu. Nilikuwa na neno mdomoni, lilikuwa linaniunguza.

Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamsalimu. Akaniuliza watoto, migomba, ng'ombe. Nikaitikia zote mpaka mwisho.