Mstari wa Kasoro

Kila redio iliyotoka katika karakana ile ilikuwa na karatasi ndani yake. Haikubandikwa nje mahali pa kujionyesha. Ilikaa nyuma ya ubao wa mgongo, ambako mtu haoni mpaka afungue skrubu nne. Ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulianza na neno Kasoro, na hapo Mwalimu alishusha kalamu yake ya wino akaeleza kila ubovu uliobaki: kitufe cha sauti kinakwaruza, ubao una ufa upande wa kushoto, stesheni za mbali hazishiki mvua ikinyesha. Mstari wa pili ulikuwa wa tarehe. Wa tatu ulikuwa na jina la marehemu mumewe, na chini yake namba ya sanduku la posta la familia.

Utaratibu huo aliuanzisha marehemu mwenyewe. Alipofariki, miaka minane iliyopita, meza ya kazi ilirithiwa na mdogo wake, ambaye watu wote wa ujia ule walimwita Fundi. Mwalimu, aliyekuwa ameongoza shule ya wasichana kwa miaka kumi na tisa, alistaafu akaja kukaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, akawa mwandishi. Yeye ndiye aliyeandika karatasi, na yeye ndiye aliyeandika maelezo ya redio kwenye mnada wa mtandaoni, maana Fundi aliweza kuifufua redio ya mbao iliyokaa kimya miaka arobaini, lakini sentensi mbili zilimtoa jasho. Majirani walisema mikono ni ya Fundi, mwandiko ni wa Mwalimu, na jina ni la marehemu. Mwalimu aliusikia usemi huo na kila mara alinyoosha mgongo kidogo.

Shida iliingia kwa adabu, kama wageni wengi wabaya. Wenye mnada waliwaandikia wauzaji wote wakiuliza maoni. Kwa miaka yote, redio ikiuzwa, muuzaji ndiye aliyekatwa asilimia kumi. Sasa walifikiri kumwacha muuzaji auze bure, na tozo ilipwe na mnunuzi juu ya bei aliyoshinda nayo. Je, muuzaji anapendelea lipi?

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye nyaya zake.

"Mimi naona tuendelee kukatwa sisi," alisema. "Anayelipa ndiye anayeulizwa, Shemeji. Nami sina neno la kuogopa kuulizwa."

Mwalimu alimwambia hayo ni mawazo ya mtu aliyezoea kuonewa. Mtu ametafuta vipuri mwezi mzima, amevuta moshi wa risasi ya kuchomea waya mpaka macho yamekuwa mekundu, kisha akatwe kwa jasho lake mwenyewe? Umeona wapi mpishi akamlipia mlaji sahani?

Mama Pindo, mshonaji wa mlango wa pili, alikuwa amesimama kizingitini na pini tatu mdomoni. Akasema kama kuuza ni bure basi na yeye atamweka mumewe mnadani.

"Utaratibu wa hapa ni kuandika kasoro kwanza," Fundi alimwambia.

"Basi karatasi haitatosha."

Walicheka wote, hata Mwalimu. Kisha akageukia simu, na kwa kuwa majibu yote ya karakana yalipita mikononi mwake, akabonyeza neno Mnunuzi. Fundi alimwona. Aliendelea kuchomea waya, na ule moshi mwembamba ukapanda kati yao.

Mwezi uliofuata kanuni ikabadilika. Wiki mbili hazikupita, mnada ukafurika kama mfereji wa mvua. Kwa kuwa kuweka kitu hakukugharimu chochote, watu waliweka kila kitu: redio zisizo na kitu ndani, redio zilizopakwa rangi ya viatu zing'ae, picha za redio ambazo hakuna aliyejua ziko wapi. Nao wanunuzi, wakijua kwamba juu ya bei kuna tozo inawasubiri, walianza kutaja bei za chini ili wabaki na nafasi ya kuilipa. Mwalimu hakuwa ameipiga hesabu hiyo, ingawa aliwahi kufundisha hesabu. Redio ambayo zamani ingefika laki mbili na nusu ilisimama kwenye laki na ishirini, ikaganda.

Laki mbili ilikuwa na historia yake. Ndiyo bei ya redio ya kwanza ambayo marehemu aliuza kwa jina lake, na siku ile aliwaambia wote wawili kwamba jina lao halitauzwa kwa bei ya chumvi. Fundi aliyachukua maneno hayo kama furaha ya siku moja. Mwalimu aliyachukua kama wasia.

Alasiri moja, Fundi akiwa ametoka, alitoa kwenye mkoba wake simu ya zamani ambayo hakuna aliyeipigia tena. Akafungua akaunti ya mnunuzi. Jina la kujitambulisha alilibuni: Mpenda Sauti. Lakini fomu ilipouliza anwani, mkono wake ulisita. Hajawahi kuandika anwani ya uongo maishani mwake. Aliwahi kuwafukuza ofisini mwake wazazi wazima kwa kosa hilo, akiwaambia kwamba mtu anayeficha anakoishi ana jambo. Akaandika namba ya sanduku lao, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa uaminifu kabisa. Kisha akaweka dau la laki na themanini kwenye redio ya shemeji yake.

Alijiambia hanunui wala haibi. Anaishikilia tu bei isianguke, kama mtu anavyoushika mkono wa mtoto kwenye ngazi. Kabla ya saa kumi na moja mtu mwingine alipanda mpaka laki mbili na kumi. Mwalimu alijitoa kimya kimya.

Alifanya hivyo mara sita. Fundi alishangaa bei kurudi, akasema labda watu wameanza tena kutofautisha kizuri na kibovu.

"Kizuri chajiuza," Mwalimu alimjibu, akainama juu ya karatasi aliyokuwa akiiandika. Siku hizo mwandiko wake ulikuwa umeanza kulalia upande, naye alisingizia miwani.

Mara ya saba hakuna aliyepanda. Alikaa dirishani akiitazama saa ya ukutani, na dakika za mwisho zikaisha moja moja, na hakuna aliyepanda. Simu ikatoa mlio mdogo wa pongezi. Ameshinda.

Alibonyeza Najitoa. Akaizima simu, akaifunga kwenye soksi, akaitupia nyuma ya droo. Fundi alipouliza habari ya redio ile kubwa, alimwambia mnunuzi ametoroka, wako wengi wa hivyo siku hizi, itarudi mnadani. Zamani mnunuzi akitoroka, wenye mnada walidai tozo yao kwa muuzaji, na Fundi angejua siku hiyo hiyo. Sasa Fundi hakudaiwa kitu. Mwalimu alilishukuru jambo hilo. Alidhani mlango umefungwa, kumbe umegeuzwa tu uelekee upande wake.

Barua ya kwanza alikabidhiwa mwenyewe na karani, kwa bahati, alipopita posta kuchukua gazeti la walimu wastaafu. Bahasha ndefu, dirisha la nailoni, na ndani yake Mpenda Sauti anakumbushwa kwamba aliyeshinda anadaiwa tozo hata akijitoa, na kwamba ujumbe mara nne kwenye simu haukujibiwa. Angeweza kulipa; hazikuwa fedha za kumuumiza. Lakini kulipa kulitaka awashe simu ile na kuthibitisha jina lake la kwenye kitambulisho, na hilo aliliona kama kusimama uchi gwarideni. Aliificha barua ndani ya atlasi ya zamani. Tangu siku hiyo alianza kwenda posta kila siku.

Ufunguo wa sanduku ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa karakana. Kwa miaka minane Fundi ndiye aliyeuchukua, kila Ijumaa, kama ibada. Sasa Ijumaa ilipofika msumari ulikuwa mtupu. Hakuuliza. Mama Pindo ndiye aliyesema, akipima kitambaa, kwamba Mwalimu siku hizi ana mchumba posta. Mwalimu alicheka kwa kuchelewa. Barua ya pili ilisema akaunti zinazohusiana na anwani hiyo zitachunguzwa. Neno anwani lilipigiwa mstari. Nayo ikaingia kwenye atlasi.

Alianza kuzisikia skrubu. Fundi akifungua ubao wa mgongo wa redio yoyote, kile kilio kidogo cha skrubu kavu kilimwingia kwenye meno, maana kila ubao ukifunguka jina lilikuwa pale, limekaa, linamtazama.

Wiki ya tatu mafua yalimlaza siku mbili, ufunguo akiwa ameusahau mezani. Aliporudi karakana, ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake, unayumba bado, na Fundi amekaa kwenye kiti cha Mwalimu, kile cha dirishani, ambacho hajawahi kukikalia. Mbele yake barua imefunguliwa. Pembeni yake, karatasi aliyoitoa ndani ya redio kubwa ile ambayo haikuuzwa. Alikuwa ameziweka sambamba, namba ya sanduku kando ya namba ya sanduku.

"Nilidhani ni mwizi ametumia sanduku letu," alisema taratibu. "Nikafurahi nitakueleza. Kisha nikaukumbuka msumari mtupu."

Mwalimu aliketi kwenye kibao cha wateja. Hakukana. Alimweleza yote, tangu alasiri ya kwanza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea taarifa ya mwaka, pamoja na ile laki mbili na maneno ya marehemu. Fundi alimuuliza ni redio ngapi zilizouzwa kwa bei aliyoisukuma yeye. Akasema sita. Fundi akasema basi kuna watu sita waliozidishiwa, nao hawajui, na lazima waambiwe leo, kabla wenye mnada hawajawaambia.

"Wakiambiwa, wataitangaza karakana," Mwalimu alisema. "Hilo ni jina la kaka yako, Shemeji. Hayupo kulitetea."

"Kaka aliliandika chini ya kasoro. Hakuwahi kuliandika juu yake."

Akainuka, akampisha kwenye kiti chake. Mbele yake aliweka karatasi saba mpya, sita za kutumwa na moja ya redio iliyobaki, akasogeza kidau cha wino. Alirudi kwenye meza yake ya kazi akampa mgongo, kama mtu anayemwacha mwenzake avae.

Mwalimu aliandika Kasoro. Halafu akaandika kwamba bei ya redio hii ilipandishwa na mtu wa ndani ya karakana, kwa makusudi, na mwenye kutaka arudishe redio na fedha zake zote zitarudi, pamoja na tozo. Akaandika tarehe. Alipofika mstari wa tatu hakuandika jina la mumewe. Aliandika lake, jina kamili, kama lilivyokuwa kwenye vyeti vya shule kwa miaka kumi na tisa. Chini yake ilibaki ile namba ya sanduku, hakukuwa na nyingine, na aliona wazi kwamba yeyote atakayeisoma hatatenganisha majina hayo mawili. Hata hivyo aliandika hivyo hivyo mara saba, na mwandiko ulikuwa umenyooka.

Fundi alizisoma moja moja. Kwenye mstari wa tatu wa karatasi ya kwanza alitulia, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Ya saba aliibandika ndani ya redio kubwa, akakaza skrubu nne.

Ijumaa iliyofuata alichukua ufunguo akatoka. Mwalimu alibaki dirishani, kalamu mkononi, bila kitu cha kuandika. Baada ya saa nzima alisikia hatua kwenye ujia, nzito, za mtu anayerudisha redio ya mbao kwa mikono miwili, na nyuma yake hatua nyingine kama hizo. Mlango wa pili, cherehani ya Mama Pindo ikasimama.