Lita Mbili Kila Jumamosi

Wifi yangu hapimi oili ya gia gari likiwa limezimwa. Akimwona fundi anachomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa baridi, hugeuza uso kama aliyemkuta mtu mzima akijisaidia njiani. "Huyo anajidanganya," husema. "Oili yote imelala chini, anaiona nyingi." Yeye huliendesha gari mpaka lipate joto, hukanyaga breki, huipitisha gia kila mahali taratibu, halafu ndipo anaposhuka. Injini ikiwa inanguruma, huchomoa kijiti na kuinusa ile oili kabla hata ya kuitazama.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Alisomea ushonaji miezi mitatu, akaacha kwa sababu, alivyosema mwenyewe, cherehani haina siri. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia gereji ya mtu tuliyemwita Tajiri, akaanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli. Miaka kumi na mmoja baadaye, gari lolote la otomatiki lililoingia pale aliitwa yeye. Tajiri alikuwa bado anamwita "msichana," naye alikuwa bado anaitika.

Kisha likaja gari la Mwalimu. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule yangu nilipoanza kazi, na wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu. Gari lake kuukuu ndilo lililompeleka mkewe hospitali kusafishwa figo, mara tatu kwa wiki. Lilikuwa linatembea, ila asubuhi lilichelewa kuitikia gia, na kwenye mlima injini ilipiga kelele kuliko mwendo. Wifi akachomoa kijiti. Oili nyeusi, inanuka kuungua.

"Hili lisiguswe ovyo," akamwambia Tajiri. "Tutoe kidogo, tuongeze kidogo."

Giaboksi iliyochakaa huishi kwa uchafu wake. Pleti zake, zile sahani za ndani zinazozungusha gari, zimelika, na ule unga wake uliomo ndani ya oili ndio unaozisaidia kushikana. Ukiutoa wote siku moja ukaweka oili mpya, nyekundu na laini, zinateleza. Wifi alinieleza hivyo mara nyingi mno, nami naweza kueleza hata usingizini.

Tajiri alikuwa na haraka. "Mwaga yote."

Wifi alikataa mara mbili. Mara ya tatu Tajiri akamuuliza gereji ni ya nani. Akamwaga. Gari lilitoka getini, likafika njia panda, injini ikalia na magurudumu yakasimama. Halikutembea tena. Mwalimu alirudi kwa miguu kuuliza, na Tajiri, mbele ya watu wanane, akanyoosha kidole. "Huyu hapa. Nilimkataza, akamwaga."

Watu wanane. Wifi aliwahesabu. Siku hiyohiyo alitoka na sanduku lake la spana, na jina la Muuaji likatoka naye. Mwaka uliofuata mke wa Mwalimu alifariki, kwa maradhi yake, hakuna aliyesema vingine. Lakini Mwalimu aliacha kuitikia salamu za wifi yangu, na mtaani watu wakajaza wenyewe yale ambayo hayakusemwa.

Alifungua kibanda chake cha mabati karibu na fundi wa matairi aitwaye Upepo. Mimi nilidhani hasira yake itachakaa. Yeye aliitunza kama spana zake. Kila jioni aliifuta na kuirudisha mahali pake. Nyumbani tuliacha kumtaja Tajiri, na hilo halikusaidia kitu, kwa sababu alikuwepo mezani hata asipotajwa.

Ilipita miaka minne. Tajiri alikuwa na gari aliloachiwa na marehemu baba yake, analifunika shuka kama mgonjwa. Likaanza kuteleza gia. Mafundi wake walibadilisha plagi, wakabadilisha waya, wakasafisha hiki na kile kwa wiki mbili. Mwishowe akampigia wifi simu mwenyewe.

Ijumaa hiyo wifi alikuja kwangu akakaa bila kuvua viatu. "Wifi, kesho saa nne niletee Mwalimu."

"Hawezi kuja kwako."

"Mwambie unataka kununua gari, akusaidie kulitazama. Wewe hajakukasirikia."

"Unataka kufanya nini?"

"Kupima oili."

Nikamdanganya mzee ambaye hakuwahi kunidanganya. Alipotambua ni kibanda cha nani alitaka kugeuka, lakini gari la Tajiri lilikuwa linaingia, na nadhani udadisi ulimshinda. Akakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, Mwalimu," Tajiri akasema harakaharaka, kisha akamgeukia wifi. "Fundi, habari za siku nyingi?"

"Zimepita."

"Leo umekuwa fundi, dada," Upepo akasema kutoka kwenye matairi yake. "Kumbe gari likikwama mtu anapandishwa cheo."

Wifi alilizungusha gari mitaani, akarudi, akaliacha linanguruma. Akapitisha gia zote, akachomoa kijiti, akampa Tajiri anuse.

"Inanukaje?"

"Imeungua kidogo."

"Kidogo." Akainama na tochi, akapapasa mpira unaopeleka oili kwenye rejeta. Nilimwona akivitazama vidole vyake vilivyolowa, kisha akavifuta. Akazima injini, akavuta beseni, akatandika boksi chini, akajilaza na spana mkononi. "Kazi fupi hii. Namwaga yote, naweka mpya. Saa sita unaondoka."

"Ngoja. Yote?"

"Yote. Kwani kwako mnafanyaje?"

"Hili ni la zamani, fundi. Toa kidogo kwanza."

"Chafu hutolewa, tajiri." Spana ikashika nati. Ikalia.

Tajiri akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akamshika mkono. "Ukimwaga yote litakufa."

"Nani kasema?"

"Kila fundi anajua."

"Mimi sikujua. Si ndiyo maana niliua la Mwalimu? Wewe ulijua lini?"

"Marehemu baba alinionyesha, kwa gari hilihili, hata sijaoa."

Upepo alikuwa amezima mashine yake. Tajiri aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitua, moja baada ya jingine, na akabaki amepiga magoti.

"Kuoa ulioa miaka ishirini iliyopita," Mwalimu akasema kutoka kwenye benchi. "Nilikuwepo. Gari langu lilikufa miaka minne iliyopita."

"Mwalimu, siku ile kulikuwa na kazi nyingi..."

"Uliniambia ulimkataza."

Tajiri akauachia mkono wa wifi. "Yeye ndiye aliyenikataza mimi."

"Rudia," wifi akasema kutoka chini ya gari. "Upepo hajasikia."

"Nimesikia," Upepo akasema, "ila arudie tu, imenikaa vizuri."

Akarudia.

Mwalimu akanyanyuka, akamngoja wifi atoke chini ya gari, akamnyooshea mkono. "Binti yangu, nisamehe."

Nilitamani aupokee. Yeye alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. "Mwalimu, kutoka kwako mpaka kwangu ni hatua mia mbili. Miaka minne. Hukuja kuniuliza hata siku moja."

Mzee akaurudisha mkono wake. Nilimsindikiza nyumbani, wala hakuniuliza habari za gari nililotaka kununua.

Niliporudi, wifi alikuwa anampangia Tajiri matibabu. Mpira umepasuka, oili inavuja, ndiyo maana gia zinateleza. Huo ataukata na kuufunga leo. Ile iliyoungua ataitoa lita mbili mbili, kila Jumamosi, Jumamosi tano.

"Naweza kumtuma dereva?"

"Utalileta mwenyewe. Utakaa pale kwenye benchi mpaka nimalize. Atakayekuuliza umefuata nini kwa Muuaji, utamweleza."

"Na nikikataa?"

"Ndiyo hapo. Lipeleke kwako wakamwage yote."

Alikuja. Wateja walimuuliza, akaeleza. Alipofupisha, Upepo alimkumbusha alichoruka. Jumamosi ya tatu alileta gazeti ajifiche nalo, wifi akaliazima kutandika chini ya gari. Wawili kati ya wale wanane walipita, mmoja akarudi na mkewe ili naye asikie.

Jumamosi ya tano nilikuwepo. Gari lilipanda kile kimlima cha kutokea barabarani kama linateremka. Wifi alichomoa kijiti, akanusa, akanionyesha. Kwenye benchi Tajiri alikuwa ameshasimama, funguo mkononi, anangoja neno lake kama mtoto anayengoja kengele ya kutoka. Nilimwangalia wifi nikitumaini kuona kitu kimelegea usoni mwake, hata kidogo.

"Mwambie alirudishe Jumamosi ijayo," akaniambia, bila kupunguza sauti.

Oili ilikuwa nyekundu, safi.